Fundi wa Laini

Usiku wa tatu wa mkesha, Wete,
mhubiri aliyevuka bahari na spika zake mbili
alitukataza kutoka:
"Saa nane nguvu inashuka. Atakayetoka ameikosa."

Mie Severini, mjukuu wa mchuma karafuu
aliyekuja kwa msimu mmoja akasahau kurudi kwao,
nilikuwa nimefunga siku tisa.
Nilitaka. Sifichi.
Nilitaka kunena kwa lugha kama Damasi,
nilitaka viganja vyangu vishike moto,
mgonjwa nikimgusa tu, aruke,
na wale waliozoea kuniita "fundi, taa imezimika"
waniite mtumishi.

Saa saba na robo simu ikatetemeka mfukoni.
Sikuipokea.
Ikatulia. Ikatetemeka tena juu ya paja,
kama mtoto anayevuta kanga ya mamake sokoni.
Mkasi, mkunga wa Konde.
Hata salamu hakutoa.
"Laini imeanguka. Nina mzazi hapa, damu haikatiki,
na tochi nimeishika kwa meno."

Zamu haikuwa yangu.
Zamu ilikuwa ya Khatibu, na Khatibu yuko Chake, harusini.
Damasi akanikamata shati:
"Zimebaki dakika chache tu!
Unamwacha Mungu kwa ajili ya waya?"

Sikuwa na jibu.
Nikawasha pikipiki.

Mvua. Tope la Konde, jekundu hata gizani.
Mfenesi mzima ulikuwa umelalia laini
na mafenesi yake yamepasuka njiani, yananukia,
kama vile hakuna lililotokea.
Nikakata matawi, nikafunga mkanda, nikapanda.
Sikunena kwa lugha yoyote.
Nilisema, "Baba, mie nimeshika nguzo. Wewe nishike mie."
Magoti yalitetemeka vilevile.

Na huko juu, koleo mkononi, maji yakiniingia shingoni,
nikaukumbuka waya mkuu,
ule uliolala chini ya bahari kutoka Tanga mpaka kwetu.
Chumvi na kiza. Pweza wanaupita, hawana habari nao.
Umebeba moto wa kisiwa kizima
na wenyewe hauna hata balbu moja.
Siku utakapouona unawaka,
jua kuna hitilafu.

Nikarudisha swichi.
Likawaka duka, ukawaka msikiti,
likawaka dirisha la kituo cha afya.

Mama alipona.
Mtoto hakupona.
Mkasi alimfunga kwa kitenge kipya, taratibu,
kama mtu anayeogopa kumwamsha.
Nikamuuliza, "Ningepokea ile simu ya kwanza?"
Akanawa mikono muda mrefu.
"Sijui, fundi. La huyu sijui.
Ila yule pale anahema, na mshipa wake niliuona kwa taa yako."
Akanipa chai ya mchaichai. Tukanywa hatusemi.
Ukutani mita ya Tukuza ilikuwa ikihesabu yuniti zake.
Tukuza: ndilo jina lake huku visiwani.
Miaka kumi na moja nazifunga majumbani mwa watu,
sikuwahi kujiuliza anatukuzwa nani.

Jumapili Damasi alisimama kushuhudia.
Saa nane kamili, alisema, kama upepo, kama makaa.
Namwamini. Simdhihaki.
Nilimwonea wivu mpaka nikainamisha kichwa.
Lakini nje, tukitafuta viatu vyetu mlangoni,
nilimuuliza polepole:
"Ilipokushukia, ndugu yangu, ikaenda wapi?"
Akanitazama kama niliyemuuliza kwa lugha
isiyo na mfasiri.

Mie bado naomba nguvu. Naiomba kila usiku,
kwa njaa ileile, na ile simu ya kwanza
ingali inatetemeka kwenye paja.
Ila siku hizi naomba nimevaa viatu,
na mkanda wangu uko juu ya benchi, karibu na Biblia.